Jani la chai halitakiwi kunuka dizeli. Na mapafu ya watu je?

Mkulima yeyote wa Kericho au Bomet anajua kwamba jani la chai huvuta harufu upesi. Libebe kwenye gunia lililowahi kukalia jerikeni ya mafuta, au kwenye pikapu iliyomwagikiwa dizeli, uone kama karani wa kituo cha kupokea majani atalipokea. Atalikataa, na hakuna atakayemlaumu, maana harufu hiyo ikifika kiwandani huharibu chai ya watu wengine. Hivyo ndivyo wakulima wadogo walivyofundishwa tangu KTDA ianzishwe mwaka 1964, na hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu. Sasa simama kwenye kituo hicho hicho jioni, lori la kubeba majani likiwa limefika. Injini inanguruma muda wote wa kupima mizani. Ekzosi imeelekea foleni ya akina mama, baadhi yao wana watoto mgongoni. Hapo husikii mtu akisema neno.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Gereji yangu iko Kaplong, pale barabara inayotoka Kericho inapogawanyika, moja ikishika njia ya Sotik na Kisii, nyingine ikielekea Bomet hadi Narok. Nimeshika spana tangu ujana wangu. Malori, matatu, matrekta ya mashamba ya chai, mabasi ya shule, karibu kila aina ya injini inayotumika huku imewahi kulala mbele yangu ikiwa imefunguliwa. Naandika kwa sababu moshi huu tunaouvumilia naujua unakotoka, na najua sehemu kubwa yake inaweza kuondoka kesho bila mtu kununua gari jipya.

Watu wa huku tunajidanganya kwa jambo moja. Tunatazama kijani kilichotanda kutoka Kapsoit mpaka Mogogosiek, tunatazama mvua inayonyesha karibu kila alasiri, tunasema hewa yetu ni safi, moshi ni shida ya Nairobi. Ni kweli kwamba ukisimama katikati ya shamba la chai unavuta hewa nzuri. Lakini nani anashinda katikati ya shamba? Mchumaji, ndiyo. Wengine wote tunakaa barabarani. Soko liko barabarani, shule iko barabarani, kanisa liko barabarani, duka la dawa liko barabarani, na bodaboda wanasubiri abiria hapo hapo. Mtu havuti hewa ya kaunti nzima. Anavuta ile iliyo mbele ya pua yake.

Na hiyo mvua tunayoitegemea huja alasiri. Moshi mwingi hutoka alfajiri na asubuhi, wakati magari ya shule na matatu za kwanza zinawashwa zikiwa baridi. Miezi ya Juni na Julai ndiyo mibaya zaidi. Usiku wa baridi huacha hewa nzito imelala kwenye mabonde, na hewa yenye joto kidogo iko juu yake, kwa hiyo moshi haupandi. Pita mjini Kericho mapema asubuhi ya namna hiyo uangalie ule weupe uliotanda juu ya steji. Wageni hupiga picha wakidhani wote ni ukungu.

Kuna jambo kuhusu nchi yetu ya mwinuko ambalo madereva wengi hawaambiwi. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Dizeli ili iungue yote inataka hewa ya kutosha. Injini isiyo na turbo, kama zile za 3L na 5L zilizomo kwenye matatu nyingi za zamani za Hiace, ikifanya kazi huku na pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani, hupewa mafuta mengi kuliko hewa inayoyachoma. Mafuta yasiyoungua vizuri hayapotei, hutoka nyuma yakiwa masizi. Ongeza mlima hapo. Lori likitoka Ahero mpaka Kericho hupanda mita 800 hivi, dereva akiwa kwenye gia nzito na mguu umekanyaga mpaka chini. Wanaoishi kando ya mpando huo hawahitaji kuelezwa na mtu.

Moshi una lugha yake, na fundi huisoma kabla hajafungua boneti. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, basi tazama nozeli, pampu na filta ya hewa. Wa bluu ni oili inayoungua, ringi zimekwisha. Mweupe asubuhi ya baridi ni dizeli ambayo bado haijashika moto, na ukiendelea baada ya injini kupata joto, tafuta maji yanakovujia.

Nozeli ndiyo ningependa kila mwenye gari aje aione kwa macho yake. Naitoa kwenye injini, naifunga kwenye mashine ya kupimia, ile yenye mkono wa kusukuma na saa ya kuonyesha mgandamizo. Nikisukuma mkono, nozeli nzima hukoroma kidogo na kutoa ukungu mwembamba unaotawanyika sawa pande zote, kisha ncha yake hubaki kavu. Weka kidole mbali, maana ukungu huo unaweza kupenya ngozi. Nozeli iliyochoka haikoromi. Hutoa mchirizi upande mmoja, halafu tone linabaki limening'inia kwenye ncha. Ndani ya injini tone kama hilo haliungui vizuri hata kidogo. Ukiona wingu jeusi matatu inapoondoka steji, ujue kuna mengi kama hilo, kila mzunguko wa injini, siku nzima. Kusafisha na kupima nozeli nne ni kazi ya asubuhi moja, na mwenye gari huanza kurudishiwa pesa zake na mafuta anayookoa.

Lakini mazungumzo ninayoyasikia gerejini ni haya.

"Fundi, nifungulie pampu kidogo. Gari limekuwa zito mlimani."

"Kijana wangu, gari lako halijawa zito. Filta imejaa vumbi la marram na nozeli mbili zimechoka."

"Mzee, hayo tutafanya mwisho wa mwezi. Leo nipe nguvu tu."

Kufungulia pampu ni kuongeza mafuta yanayoingia kwenye injini. Dereva huipata ile nguvu kweli, na moshi huongezeka mara moja. Mimi simfungulii. Najua atavuka barabara na kumpata atakayemfungulia kwa bei ya chakula cha mchana. Simchukii kijana huyo. Anatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu kila jioni, na mwenye gari hajawahi kuuliza habari za filta. Ningetaka wenye magari wenyewe ndio wawe wanakuja gerejini, si kuwatuma vijana wakiwa na maagizo ya kubana matumizi.

Magari ya petroli nayo yana balaa lake. Ndani ya ekzosi kuna kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega. Kina madini ya thamani, platinamu na mengine ya jamii hiyo, ndiyo sababu kuna watu wanaozunguka gereji kwa gereji wakiyanunua. Mwenye Probox huambiwa kwamba masega yakitolewa gari litakuwa jepesi. Anapewa pesa kidogo, bomba tupu linachomelewa mahali pake, na kuanzia siku hiyo kila kitu kilichokuwa kikichujwa kinatoka nje. Probox hizo hizo ndizo zinazobeba watoto wetu wa shule wakiwa wamebanana, na pale ambapo ekzosi imetoboka chini ya sakafu, moshi unaingia ndani ya gari. Mzazi, kabla hujakubali gari limbebe mwanao muhula mzima, inama utazame chini yake. Kama huwezi, mwombe fundi yeyote akutazamie.

Serikali, kwa upande wa mafuta, imefanya kazi ambayo inafaa kutajwa. Tulikuwa tukichoma petroli yenye risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuiacha, na kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imeachana nayo. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ilhali ya awali hapa Kenya ilikuwa na hadi sehemu 500. Mwaka 2018 mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wachanganyaji wakose faida ya kuyatia kwenye dizeli. Sisi mafundi tuliona tofauti, maana mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha na pampu zilizonyweshwa mchanganyiko huo zilikuwa zikija zimekwaruzika. Kwa hiyo siku hizi tukiona wingu jeusi, mara nyingi kosa haliko kwenye tangi. Liko kwenye injini isiyotunzwa, na anayelivuta si mwenye injini.

Anayelivuta ni nani? Steji moja naifahamu vizuri, sitaitaja jina. Kuna mama anayechoma mahindi, na kuna nyanya mmoja, kogo kama tunavyowaita, anayeuza chai ya maziwa na mandazi chini ya mwavuli. Matatu za viti 14 hujipanga nyuma nyuma, ekzosi zikiwaelekea. Makanga anaita abiria na dereva anapiga resi ili watu wadhani gari linaondoka. Haliondoki, linasubiri watu wanne zaidi. Bodaboda wameketi juu ya pikipiki zao kwenye kona, wapo hapo kuanzia kabla ya jua kuchomoza. Watoto wa chekechea wanapitishwa katikati wakiwa wameshikwa mkono, na pua ya mtoto wa miaka minne iko karibu zaidi na ekzosi kuliko ya mtu mzima. Mtoto pia hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo kwa uzito wake huvuta hewa nyingi zaidi, ilhali mapafu yake bado yanakua.

Nilimuuliza yule kogo kama moshi haumsumbui. Akaniambia kifua humbana kila jioni, na kwamba yeye anafikiri ni baridi. Inaweza kuwa baridi. Mimi si daktari. Lakini ninayoyasoma hayanipi nafasi ya kunyamaza. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Mwaka uliofuata likaiweka humo hewa chafu ya nje kwa jumla. Chembe zinazohofiwa zaidi ni zile ndogo zisizozidi sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita, ambazo hupita puani na kooni bila kunaswa, zikazama ndani kabisa ya mapafu, na nyingine ndogo zaidi zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana madaktari hawazungumzii kikohozi na pumu tu, wanazungumzia pia moyo na kiharusi. Mwaka 2021 WHO ilikaza kiwango chake, ikasema wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Kabla ya hapo ilikuwa 10.

Kuna mtoto mmoja ambaye kisa chake kinanirudia kila ninapoona watoto wakisubiri gari kando ya barabara. Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi kusini mwa London, karibu sana na South Circular Road, barabara yenye magari mengi mno. Aliugua pumu kali, akalazwa mara nyingi, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake, Rosamund, hakukubali jambo hilo liishie kwenye cheti cha kifo. Alipigania uchunguzi mpya, na Desemba 2020 afisa wa kuchunguza vifo, Philip Barlow, aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto huyo. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kwa uamuzi kama huo kutolewa. Barlow alieleza pia kwamba mama hakuwa amepewa habari kuhusu hatari ya hewa hiyo, habari ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Sehemu hiyo ndiyo inayoniuma. Akina mama wa steji zetu nani amewapa habari?

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba moshi wa kuni jikoni ni mbaya zaidi. Ana haki kusema hivyo. Jikoni zetu nyingi bado zinapika kwa kuni na hazina bomba la kutolea moshi, na WHO inakadiria kwamba hewa chafu, ya ndani ya nyumba na ya nje kwa pamoja, huua watu milioni 7 hivi duniani kila mwaka. Lakini mama anayeuza mandazi ni yule yule aliyewasha kuni saa kumi alfajiri. Akitoka kwenye moshi wa kwanza anaingia kwenye wa pili. Kumwambia wa pili si kitu kwa sababu wa kwanza ni mkubwa ni kumwongezea mzigo.

Tufanye nini basi? Jibu la fundi ni umbali na muda. Masizi ya magari na zile chembe ndogo kabisa hupungua kwa kasi kadiri unavyoondoka barabarani. Ukifika mita 100 au 200 kutoka kwenye lami tayari unavuta hewa tofauti sana na ya aliyesimama ukingoni. Hata mita 10 zina maana. Mwenye kibanda anayeweza kurudi nyuma ya safu ya kwanza ya majengo na arudi. Anayetembea kwenda kazini na anaijua njia inayopita kwenye mashamba aifuate hiyo, aache ya kando ya lami, ilimradi iwe na watu na usalama. Bodaboda wanaweza kuhamisha kijiwe chao kutoka nyuma ya matatu hadi upande upepo unakotokea, na hilo halihitaji idhini ya mtu. Ukiwa na abiria mwenye mtoto na mbele yako kuna lori linalofuka mlimani, usilifuate mkiani. Punguza mwendo, liache litangulie. Kwenye gari dogo, funga vioo na uweke hewa izunguke ndani mpaka lori lipite, kisha fungua.

Shuka au leso mdomoni huzuia vumbi la marram la Januari, lile linalogeuza safu ya kwanza ya michai kando ya barabara kuwa nyekundu. Haizuii chembe ndogo za dizeli. Barakoa za aina ya N95 huzuia, lakini sioni mchuuzi wa kawaida akimudu kuzinunua kila wiki, na sitaki kumwachia yeye gharama ya uchafu wa mtu mwingine.

Shule ningezianzia getini. Magari ya kuleta watoto husimama yakiwa yamewashwa, mzazi akizungumza kwenye simu, watoto wamejipanga ukutani. Mwalimu mkuu anaweza kuweka mahali pa kushushia watoto mita 50 kutoka getini na kuagiza kila injini izimwe. Uwanja wa michezo ulio kando ya barabara unaweza kuzungushiwa ua mnene wa kayaba au wa saipresi uliopandwa karibu karibu kutoka chini mpaka juu. Ua kama huo haumalizi moshi, huupunguza. Na huku kwetu kitu chochote ukikichomeka ardhini kinaota.

Kuhusu muda, hesabu ni rahisi. Matatu ya dizeli iliyosimama ikiwa imewashwa hunywa karibu lita moja kwa saa. Lori kubwa hunywa lita 2 hadi 3. Sacco yenye magari mengi ikizidisha saa zinazopotea steji kila siku, mwenyekiti wake atashindwa kueleza wanachama kwa nini hakuweka sheria ya kuzima injini mapema. Madereva huniambia wanaogopa gari lisiwake tena. Gari la namna hiyo lina betri au stata mbovu, lilete nikutengenezee. Lori la majani chai vile vile halina sababu ya kuwashwa wakati wa kupima. Wakurugenzi wa viwanda tunawachagua sisi wakulima. Tunaweza kuwaagiza waandike kwenye kanuni za madereva kwamba injini inazimwa mara lori linapofika kituoni, na ekzosi isielekee foleni.

Ukaguzi wa magari wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, upo, na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014 zinahusu moshi wa magari pia. Tatizo ni kwamba ukaguzi huwa siku moja kwa mwaka. Nimeona magari yakifunguliwa nozeli, yakibanwa pampu, yakipita ukaguzi vizuri, kisha pampu ikafunguliwa tena wiki ile ile. Polisi wa trafiki anayesimamisha matatu kwa abiria mmoja aliyezidi ana macho ya kuona moshi mweusi pia. Namwomba aanze kuuona.

Pikipiki za umeme zitasaidia. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa pikipiki hizo Mombasa, na umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo hapo hakuna ujanja wa kuhamisha moshi kutoka barabarani kwenda kwenye mtambo. Zikifika kwa bei ambayo kijana wa Silibwet anaweza kulipa, na kukawa na mahali pa kubadilisha betri, nitazipokea kwa mikono miwili ingawa hazitahitaji nozeli. Lakini mtoto anayesubiri gari leo hawezi kungoja hadi siku hiyo.

Turudi kwenye umbali. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena liliacha barabara pale Londiani Junction likawapitia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na watu waliokuwa wakisubiri matatu. Takriban watu 50 walikufa. Baada ya mazishi kila kiongozi alizungumzia kuondoa masoko kando ya barabara kuu. Naliunga mkono hilo kwa sababu mbili. Mita zile zinazomwokoa mchuuzi na lori lililokatika breki ndizo zinazomwokoa na moshi wa malori mengine yote yanayopita salama. Ila wasifukuzwe. Kumvunjia mama kibanda bila kumpa sehemu nyingine ambako wateja wanafika ni kumwambia achague kati ya mapafu na karo ya shule, na sote tunajua atachagua karo.

Hapo ndipo kaunti zinapoingia, na hazina mahali pa kujificha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, limezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Jedwali hilo hilo limezipa barabara za kaunti, uegeshaji wa magari na masoko. Kwa maneno mengine, anayeamua steji ikae wapi, vibanda vikae wapi na magari yaegeshwe vipi ni yule yule aliyekabidhiwa hewa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Bunge la Kaunti ya Kericho na lile la Bomet yanaweza kupitisha sheria ya kuzima injini steji na kwenye mageti ya shule bila kuomba ruhusa Nairobi.

Kaunti zinaweza pia kupima hewa. Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala kina mradi uitwao AirQo, ulioanza mwaka 2015, unaotengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu. Wamevifunga kwenye nguzo na majengo, hata kwenye bodaboda zinazozunguka mjini, na wakazi wanaweza kusoma ubora wa hewa yao kwenye simu. Vipimo vichache, kimoja steji ya Kericho, kimoja Kaplong, kimoja Bomet mjini, kingine kwenye shule iliyo mpandoni, vingemaliza ubishi wote kuhusu kijani na mvua.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Julai kila mwaka, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni. Huwa tunakwenda kuomba barabara, daraja na zahanati, na ni sawa. Safari hii, wewe uliye na kibanda, wewe wa bodaboda, wewe mzazi, nendeni kwenye kikao cha wadi yenu muombe mambo matatu yaandikwe kwa majina na kiasi cha pesa: steji itolewe ukingoni mwa lami, soko lijengwe nyuma yake, na vipimo vya hewa vinunuliwe. Mwakilishi wadi akiwaambia hiyo ni kazi ya serikali kuu, msomeeni Jedwali la Nne.